Dawa Ambayo Sikuitengeneza

Niliposhuka kwenye basi Tunduma, kidole gumba cha mguu wa mama kilikuwa kimeshaanza kuwa cheusi. Kwenye simu dada yangu alikuwa ameniambia ni kidonda tu, tena kidogo. Dada ndivyo alivyo, habari mbaya anakukatia vipande vidogo vidogo kama anayemlisha mtoto nyama. Nikafika nyumbani Chapwa nimechoka, vumbi limenijaa mpaka kwenye meno, nikamkuta mama ameketi kwenye mkeka barazani, mguu ameunyoosha na kuufunika kwa kitenge. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza habari za Dar, akauliza kama nimekula njiani. Nikafunua kitenge. Hakunizuia, ila aligeuza uso, akawa anaangalia foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia.

Mama alikuwa na sukari kwa miaka mingi. Alianza na vidonge, vikamshinda, akahamia kwenye sindano ya insulini asubuhi na jioni, na dada ndiye aliyekuwa akimchoma. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri. Halafu mwaka ule kipimo kikaanza kupanda bila sababu. Daktari wa hospitali kubwa ya Mbeya akaongeza dozi, akaongeza tena, na sukari ikawa inapanda tu kana kwamba hatumpi kitu. Kidonda kikatokea kidoleni, kikakataa kufunga. Kliniki ya mwisho daktari hakuzunguka: sukari isiposhuka kabla hawajarudi, kidole kitaondoka, na mambo yasipoishia kwenye kidole, mguu utafuata. Hilo ndilo lililonitoa kazini nikasafiri. Kila mtu pale nyumbani aliamini kuwa mimi ndiye ningejua kwa nini dawa haifanyi kazi, na mimi mwenyewe niliamini hivyo.

Maana kazi yangu ni utumbo. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo wanavyosema kwetu, na nimechoka kuwasahihisha. Ninafundisha biokemia chuo kikuu, na utafiti wangu ni wa homoni za utumbo, yaani vile vijumbe ambavyo utumbo unavituma kwenye damu mara chakula kinapofika, kuiambia kongosho itoe insulini, kuuambia ubongo kwamba basi, inatosha, weka kijiko chini. Homoni hizi ni protini fupi, dhaifu, hazikawii kuharibika. Ukitoa damu ya mtu ukachelewa kidogo kuiweka kwenye barafu, unakuta vimeng'enya vimeshazikatakata, huna cha kupima. Ujana wangu wote umekwenda kwenye swali moja: kwa nini protini hii inavunjika upesi na ile inasimama, na ufanyeje ili ikae.

Nilianza nikiwa mwanafunzi, naamka alfajiri kwenda machinjioni na ndoo ya barafu, nasubiri wapasue ng'ombe nichukue kipande cha utumbo kikiwa bado cha moto. Wachinjaji walinidhania nimechanganyikiwa. Shangazi zangu wa Msangano waliposikia walicheka wakashika mbavu, eti msichana amesomeshwa miaka yote hiyo akaishia kuosha utumbo. Haya, nimeosha utumbo. Nimeuosha kwa miaka ya mgao wa umeme, jenereta haina mafuta, sampuli za mwaka mzima zimeyeyuka ndani ya friji, na asubuhi unafungua mlango unapokewa na harufu. Nimeuosha nikisubiri kemikali zilizokwama bandarini mpaka zikapitwa na muda wake humo humo bandarini. Kuna siku nilikaa chini sakafuni maabara, na koti langu jeupe, nikajiuliza hivi kweli ningepungukiwa nini kama ningeuza mchele Tunduma. Lakini kazi ndiyo hiyo moja niliyoijua, nikaendelea nayo.

Kwa hiyo nilipoambiwa dawa ya mama haifanyi kazi, mawazo yangu yalikimbilia kwenye joto. Insulini nayo ni protini. Ikipata joto kali, au ikigandishwa, inajikunja vibaya, inashikamana, na haiwezi tena kufanya kazi yake. Ni kama yai, likishachemka huwezi kulirudisha lilivyokuwa. Nikaanza kumhoji dada. Dawa inatunzwa wapi? Kwenye mtungi wenye mchanga mbichi, chini ya kitanda cha mama, sehemu yenye baridi kuliko zote ndani ya nyumba. Vizuri. Nani anaileta kutoka Mbeya? Yeye. Ndani ya nini? Ndani ya kopo lenye barafu, amelifunga kanga. Barafu inagusa chupa? Haigusi. Anakaa upande gani wa basi, upande wa jua? Hapo dada akaweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua. Alikuwa akipikia madereva wa malori kule kwenye foleni, anaamka kabla ya kila mtu, na miguu yake mwenyewe ilikuwa imevimba kwa kusimama.

"Wewe unajua joto la insulini," akasema. "Mimi ndiye ninayejua joto la mama."

Nilimwambia tu kwamba nitaichukua chupa inayotumika niende nayo maabara, pamoja na chupa moja ambayo haijafunguliwa kutoka duka lilelile, nizilinganishe. Dada alikubali. Aliyesita ni mama. Akasema nichukue mpya peke yake, hiyo iliyofunguliwa ya nini, imeshakaa sana, itanipotezea muda bure. Nilidhani anaihurumia dawa isipotee. Nikamwambia dada ameshamnunulia nyingine, asiwe na wasiwasi, nikazitia zote mbili kwenye themosi yenye maji ya baridi, nikapanda basi la kurudi nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga.

Maabara sikumwambia mtu ni dawa ya nani. Kipimo chenyewe si cha ajabu. Unaipitisha protini kwenye kipande cha jeli, unawasha umeme, kila protini inatembea kadiri ya ukubwa wake. Iliyokatika inakimbia mbele, iliyoshikamana inakwama nyuma pale ilipoanzia. Ukimaliza unapaka rangi, unasoma mistari. Nilitegemea kuona takataka. Nilishajiandaa kabisa kumpigia dada simu na kumwambia si nilisema, ni lile joto, na nakiri kuna sehemu ya moyo wangu iliyotaka iwe hivyo ili nimshinde.

Hakukuwa na takataka. Chupa mpya ilitoa mstari mmoja mnene, mahali pake. Chupa iliyofunguliwa nayo ilitoa mstari mmoja, safi, mahali palepale, haukuvunjika, haukushikamana. Ila ulikuwa hafifu, kama umechorwa kwa penseli inayoishiwa. Nikarudia. Ikawa vilevile. Protini yote ilikuwa nzima, salama, imetunzwa vizuri kuliko hata sampuli zangu mwenyewe. Ilikuwa kidogo tu. Mtu alikuwa ametia maji.

Nilikaa na karatasi ile ya majibu mbele yangu. Mwenye duka la dawa nilimtoa, kwa sababu chupa yake ilipofika ilikuwa kamili. Ilikuwa ni ndani ya nyumba. Na ndani ya nyumba ni nani anayeigusa dawa ile zaidi ya dada? Nilimwaza dada yangu anauza nusu ya dawa ya mama kwa wagonjwa wa mpakani na kujaza maji. Wazo hilo lilinichosha kuliko miaka yote ya maabara. Nilisafiri nalo njia nzima hadi Tunduma, na tulipofika Mlowo tayari nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, makali, ya kuvunja undugu. Mungu alinihurumia, sikupata nafasi ya kuyasema.

Kwa sababu nilipofika kulikuwa na mgeni. Yule mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amekaa na mama barazani. Mama hakuwahi kumwita jina mbele yetu, alimwita mwenzangu. Sisi tulimwita mama, kwa sababu tulikua tukimwona pale nyumbani.

Lazima niseme hawa wawili walijuanaje. Kwenye miaka ile ya themanini, kabla biashara haijaachiwa, duka la ushirika lilikuwa na rafu na mwenye duka basi. Sabuni, sukari, mafuta ya kula, vyote vilitoka ng'ambo kwa njia za panya, na askari walikuwa vichakani. Mama alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Mwenzake naye alikuwa na shida zake upande wake. Wakashikana. Walikuwa na namna yao ya kufanya kazi ambayo wanawake wengi wa mpakani waliifuata: mizigo inachanganywa na kugawanywa nusu kwa nusu. Nusu ya bidhaa zangu unabeba wewe, nusu ya zako nabeba mimi, halafu kila mmoja anapita njia yake. Akikamatwa mmoja, hakuna aliyefilisika. Wote wawili wanabaki na nusu, na nusu inatosha kuanza tena. Walifanya hivyo miaka yote ya magendo. Ilipokuja ruksa, na bidhaa zikaanza kupita mchana kweupe kwenye malori, waliendelea kugawana nusu kwa nusu mahindi, mchele na mitumba, ingawa hakukuwa tena na wa kumkimbia. Ilishakuwa tabia.

Nilimkumbuka mwanamke mnene, mwenye sauti ya kujaza soko. Mwaka uliotangulia dada alikuwa amenisimulia kwamba anaumwa, amekonda nguo zinamvuka, macho yanamfifia, na yeye pia ni sukari. Sasa nilimwona amejaa, shavu limerudi, anacheka. Nikafurahi kwa kweli. Nikampigia goti nikamwamkia. Badala ya kuitikia akanishika mikono yote miwili.

"Natotela sana, mwanangu," akanishukuru kwa lugha ya kwao. "Dawa yako imenirudisha."

Nikamuuliza dawa gani, mama. Akacheka, akamgeukia mama, akasema kumbe ana haya mtoto huyu. Ni dawa ya sukari, akasema, ile ninayoitengeneza kule chuoni. Mama yangu alimweleza yote, kwamba ninampelekea nyingi kuliko anavyohitaji, zinabaki, zitaharibika bure, ndiyo maana anamgawia. Kule kwao dawa hiyo haipatikani kirahisi, na ikipatikana hawezi kuifikia. Alikuwa anakwisha. Alishawaaga wanawe. Akasema kila anapojichoma ananitaja mimi kwa Mungu.

Nilimtazama mama. Yeye alikuwa akikunja pindo la kitenge kilichofunika mguu, analikunja na kulikunjua. Dada alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo, na usoni mwake niliona kwamba naye alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza, kama mimi. Maneno yote niliyoyapanga Mlowo hayakuwa tena na wa kuambiwa.

"Karibu, mama," nikasema.

Jioni mgeni alipovuka kurudi kwao, tulimzunguka mama. Hakukataa. Alieleza bila kulia, na bila kujuta pia, jambo ambalo lilinikasirisha. Chupa mpya ikifika, dada akitoka kwenda kupika, yeye anavuta nusu kwa bomba la sindano la zamani, anaitia kwenye chupa tupu aliyoichemsha. Hiyo ni ya mwenzake. Halafu anajazia ya kwake maji yaliyochemka na kupoa, kwa sababu dada ana macho, angeona chupa imepungua. Nikamuuliza kwa nini basi hakuyachanganya maji kwanza ndipo wagawane, angalau wote wawili wawe sawa. Akanishangaa. Akasema yule ni mgeni, na mgeni utampaje kitu chenye maji.

Dada akaanza kulia hapo. Alikuwa amemchoma mama maji kwa mkono wake mwenyewe, kila siku, huku akijisifu kwamba hajakosa hata mara moja. Mimi sikulia. Nilikasirika. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia mwenzake kwa shavu lake lililojaa, nikaikasirikia mistari yangu ya jeli iliyonipa jibu sahihi nikalielewa visivyo. Nikamwambia mama kwa nini hakuniambia, ningemletea huyo mwenzake dawa yake.

"Ungemletea, ndiyo," akasema. "Na yeye angekuwa ombaomba kwa wanangu. Yule hajawahi kuniomba hata chumvi."

Nikajaribu kumweleza. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, polepole, nikijizuia. Kwamba sabuni ukiikata nusu ni sabuni, inafua nusu ya nguo. Mchele nusu unashibisha nusu ya watu. Lakini dawa hii mwili una kipimo chake, usipokifikia sukari inabaki kwenye damu, inakaa mle inaharibu mishipa taratibu, na mishipa ya miguuni ndiyo inayotangulia. Nusu ya dawa haikupi nusu ya uzima. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyowasikiliza wahubiri wa mtaani. Kisha akautazama mguu.

"Nilijua nagawa dawa," akasema. "Sikujua kama nagawa na mguu."

Nikamuuliza, na ungejua? Alifikiri kweli, hakunijibu harakaharaka. Akasema angejua, angempa kidogo zaidi ya robo. Hapo nilicheka, kicheko kibaya cha mtu aliyechoka, na yeye akacheka pia, na dada akatuona wote wendawazimu.

Aliomba kitu kimoja tu. Mwenzake asiambiwe. Akijua dawa ilitoka wapi ataacha siku hiyohiyo, akasema, namjua, atarudi kwake akae afe kimya bila kutusumbua. Tukamwahidi. Tukakubaliana kwamba kuanzia hapo nitaleta za watu wawili, na ya ng'ambo itaendelea kuwa ile ninayoitengeneza chuoni. Nilikuwa mtafiti ambaye miaka yangu yote haikuwa imetoa hata tone moja la dawa ya kumponya mtu, na sasa nikawa na dawa yenye jina zuri Nakonde nzima. Wakawepo hata wengine waliotuma salamu, wakiuliza kama ninatengeneza na ya presha.

Nilikwenda Mbeya mwenyewe nikamweleza daktari ukweli. Ilibidi, maana ile dozi aliyoipandisha, ikikutana na dawa isiyo na maji, ingemwangusha mama chini. Alinisikiliza, akavua miwani, akafikicha macho. Alikuwa kijana, amechoka kuliko mimi. Akaanza dozi upya kutoka chini. Na sukari ikashuka. Ilishuka vizuri, kila kipimo kizuri kuliko kilichotangulia, dada akawa ananipigia simu kunisomea namba kama anayesoma matokeo ya mpira, na mimi kule maabara nikawa natembea nimeinua kichwa. Nilidhani tumewahi.

Hatukuwahi. Damu ilikuwa imeshaacha kufika chini. Weusi ulipita kidole, ukapanda wayo, na hapo hakukuwa na sukari ya kushusha tena. Wakamkata chini ya goti. Nilikuwepo. Mama alipozinduka aliuliza kama dada amekula, akauliza nani anapikia madereva. Kisha akapapasa shuka pale ambapo mguu ungekuwa, akatoa mkono. Nilitoka nje nikaegemea ukuta wa wodi. Sikuwaza lolote la maana. Niliwaza tu kwamba miguu ile ndiyo iliyovuka vichaka vyote vile gizani na mafuta ya kula kichwani, haikukamatwa.

Mwenzake hakujua mpaka mama aliporudi nyumbani. Alikuja siku ya soko, amebeba kapenta, dagaa wa kwao, kwenye mfuko. Nilikuwa likizo. Alisimama uani akalia kwanza huko nje, akachota maji akanawa uso, ndipo akaingia. Akaketi kwenye mkeka, akakichukua kile kipande cha mguu kilichobaki akakiweka kwenye mapaja yake, akaomba mafuta. Dada akampa. Akawa anapaka, taratibu, kuzunguka kovu, huku wakizungumza yao, bei ya mahindi, nani amekufa, nani ameoa. Mama alikuwa amefumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali nilimwona uso umelegea.

Nilikuwa nimekaa karibu, natoa vichwa vya kapenta. Nilitaka kuwa pale na nilitaka kuondoka. Mwili wa yule mama ulikuwa mzima, mikono ina nguvu, kucha zinang'aa. Ulikuwa umejengwa kwa protini ileile, mstari mnene, mahali pake. Sikumchukia tena. Nilikuwa nimechoka hata kwa hilo.

Akaacha kupaka. Akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye unayeitengeneza. Dawa ni hiyohiyo, tumegawana mimi na yeye. Mbona mimi imeniponya, na mama yako imemwacha?"

Dada akainuka akaingia jikoni. Mama akafumbua macho, akanitazama mimi, si mwenzake. Nimejibu maswali mengi katika maisha yangu, mbele ya wanafunzi, mbele ya maprofesa wenye majina makubwa, na mara nyingi nimebabaisha. Hili ndilo swali moja ambalo nilikuwa na jibu lake lote, lenye ushahidi, nililolipima na kulirudia kwa mkono wangu.

"Miili haifanani, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa, akakubali. Akarudisha mkono kwenye mafuta, akaendelea kumpaka mama, na bila kunitazama akaniambia nisichoke, nirudi tu kule maabara nikatafute, huenda siku moja nikapata na itakayomfaa mama yangu.